UZI: Kibao cha Kaisari Nikephoros, dhahabu ya Konstantinopoli na mgeni aliyekataa kuondoka

Mlinzi wa Lango (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu zenu.

Kila mada ya Konstantinopoli ikiibuka humu, lazima atokee mtu aseme Wabizanti (Warumi wa mashariki, ambao mji wao mkuu ulikuwa Konstantinopoli, Istanbul ya leo) walikuwa waoga, walinunua amani kwa sababu vita viliwashinda. Nimevumilia, leo nimechoka. Naleta kisa kimoja tu, kinaanza na kibao na kinaishia kwenye fuvu la kichwa, miaka kama sita hivi. Mkikisoma mtaona ile dhahabu ilikuwa inafanya kazi gani.

Ni katikati ya miaka ya 960. Wajumbe wa Petar, mfalme wa Bulgaria, wameingia ikulu kudai malipo yao ya mwaka. Hawakuwa na wasiwasi. Amani ilikuwepo tangu mkataba wa 927, Petar alipomwoa Maria, mjukuu wa Kaisari Romanos Lekapenos. Wapo wanahistoria wanaosema malipo hayo yalikuwa matunzo ya Maria, na kwamba yeye akishafariki Konstantinopoli haikuona tena sababu ya kulipa. Wabulgaria hawakuliona hivyo. Kwao ilikuwa haki yao.

Ila safari hii aliyekalia kiti ni Nikephoros Phokas. Huyu ni askari wa kweli. Krete aliitwaa mwaka 961, Tarsus ikafuata 965. Hata baada ya kuwa Kaisari alikuwa akilala sakafuni juu ya ngozi ya chui. Mtu wa namna hiyo unamwambia atoe hela kwa jirani, unategemea nini? Mwandishi Leo, aliyekuwa shemasi na aliyeishi enzi hizo hizo, anasema Kaisari alipandwa na hasira, akawatukana kwamba ni watu maskini wachafu, bwana wao mvaa ngozi na mtafuna ngozi. Kisha akaamuru wazabwe vibao usoni na kufukuzwa.

Mbele ya watu. Wajumbe. Nikisoma hapo huwa nasimama kidogo, maana miaka arobaini ya utulivu mpakani iliondoka na kile kibao.

Mtoto wa Mwalimu

Nimeweka kambi mkuu. Endelea.

Mlinzi wa Lango

Baada ya kibao, Nikephoros alisogea na jeshi hadi mpakani, akateka ngome kadhaa, akaitazama milima ya Balkani, akarudi. Waoga? Hapana. Kila jenerali wa Bizanti alijua kilichompata Nikephoros wa kwanza mwaka 811. Yule aliingia Bulgaria, akachoma ikulu ya Khan Krum, mtawala wa Wabulgaria, kule Pliska, Krum akaomba amani, akakataliwa. Wakati wa kurudi, Wabulgaria wakaziba njia ya mlimani kwa kuta za magogo. Jeshi likanasa kama samaki kwenye wando. Tarehe 26 Julai Kaisari akauawa, na fuvu lake Krum akalipamba kwa fedha likawa kikombe cha kunywea na machifu wake. Jina ni hilohilo, Nikephoros, na milima ni ileile. Huyu wa pili hakutaka kuwa kikombe.

Kwa hiyo akafanya kile ambacho dola yake ilikuwa ikifanya kwa karne nyingi: akatafuta jirani wa jirani. Alimwita Kalokyros, mtoto wa mkubwa wa mji wa Cherson kule Crimea, kijana aliyeijua nyika na watu wake, akamkabidhi ratili 1,500 za dhahabu ampelekee Svyatoslav, mtawala wa Warusi wa Kiev. Ratili moja ya Kirumi ilitoa sarafu 72, kwa hiyo tunazungumzia sarafu 108,000, karibu kilo 480 za dhahabu. Ujumbe ulikuwa mfupi: wapige Wabulgaria.

Hapa lazima tuelewe mantiki yao. Konstantinopoli haikuwahi kuwa na askari wa kutosha kupigana mashariki na kaskazini kwa wakati mmoja. Mashariki kulikuwa na Waarabu, na huko ndiko Nikephoros alikotaka kupigana. Kaskazini ilibidi wapigane wengine. Na si jambo la kubahatisha. Kaisari Constantine wa saba, miaka michache kabla, alimwandikia mwanawe Romanos kitabu kizima cha maelekezo ya namna ya kuishi na majirani. Watu wa kwanza kuwataja ni Wapecheneg, wafugaji wa nyika kaskazini mwa Bahari Nyeusi. Anamwambia: hawa kila mwaka wapelekee zawadi na mjumbe. Ukiwa na amani nao, Mrusi hawezi kukujia, Mmagyar (Mhungaria) hawezi kukujia, Mbulgaria pia atatulia. Sababu anaieleza kwa ukaribu kabisa: Warusi wakishuka mto Dnieper hufika kwenye maporomoko, na huko hulazimika kuitoa mitumbwi majini na kuibeba mabegani. Mtu mwenye mtumbwi begani atapigana vipi?

Anataja hadi bidhaa ambazo Wapecheneg walizipenda: vitambaa vya zambarau, utepe, nguo za nyuzi za dhahabu, ngozi nyekundu, na pilipili manga. Pilipili ile ilitoka India, inavuka bahari na majangwa, inaishia kwenye hema la mfugaji ili Bulgaria ikae kimya.

Katika kitabu hichohicho kuna vitu vitatu anavyosema mgeni asipewe hata akiomba vipi: mavazi na mataji ya kifalme, siri ya moto wa Kigiriki (silaha ya kimiminika kinachowaka, walichokirusha kwenye meli za adui), na binti wa nyumba ya Kaisari. Shikeni hicho cha tatu, tutakirudia.

Baharia Mstaafu

Mkuu naheshimu maandishi yako, lakini napingana na wewe. Kulipa ni kumfundisha adui kurudi. Mtazame Attila, mfalme wa Wahun, karne tano kabla. Wahuni (wale wa Attila, Wahun) walianza na ratili 350 kwa mwaka. Mwaka 435 zikawa 700. Baada ya vita vya miaka ya 440 zikafika 2,100 kwa mwaka, na juu yake malimbikizo ya ratili 6,000 kwa mkupuo. Hiyo si sera, hiyo ni kukamuliwa. Hadi Kaisari Marcian alipoingia mwaka 450 akasema basi, halipwi mtu.

Mlinzi wa Lango

Mkuu Baharia, takwimu zako ni sahihi na hoja ni nzito. Sikatai kwamba Attila aliwakamua. Lakini angalia walichokinunua. Januari 447 tetemeko liliangusha sehemu kubwa ya kuta za Konstantinopoli na Attila yuko njiani. Watu wa mji wakazijenga upya kwa siku 60. Mji ulipata kupumua, na ukabaki. Marcian aliweza kukataa kwa sababu Attila alikuwa anageukia magharibi, na 453 akafariki. Ile dhahabu ilinunua muda, na kwa dola iliyozungukwa pande zote muda ulikuwa na thamani kuliko jimbo.

Na kuna kitu huwa tunakisahau: sarafu zile zilirudi. Mtu wa nyika hali dhahabu. Atanunua hariri, mvinyo, vyombo, na duka la vitu hivyo lilikuwa Konstantinopoli kwenyewe.

Pale ninapokubaliana nawe ni hapa: dhahabu ya kumtuliza mtu na dhahabu ya kumwita mtu si kitu kimoja. Ile ya Petar ilikuwa ya kutuliza, ndogo, ya kila mwaka, na ilifanya kazi. Ile ya Kalokyros ilikuwa ya kuita. Na aliyeitwa alikuja.

Mlinzi wa Lango

Tuendelee. Mwaka 968 Svyatoslav anavuka Danube, anawapiga Wabulgaria vibaya. Petar akapatwa na kiharusi, na mwaka uliofuata akafa. Ukiishia hapo utasema Nikephoros kashinda. Ila yeye mwenyewe alishaanza kuogopa alichokifungulia mlango, maana Kalokyros kule Kiev aliongeza makubaliano yake ya siri: Svyatoslav abaki na Bulgaria, na amsaidie yeye Kalokyros kukalia kiti cha Konstantinopoli. Mjumbe kajituma mwenyewe.

Ushahidi wa hofu ya Nikephoros tunaupata mahali usipotegemea. Kiangazi cha 968 askofu Liudprand wa Cremona yupo Konstantinopoli kama mjumbe wa Otto, mfalme wa Wajerumani. Anakaribishwa mezani kwa Kaisari, anakuta mjumbe wa Bulgaria, nywele kanyoa kwa mtindo wa Kimagyar na mnyororo wa shaba kiunoni, kaketishwa juu yake. Liudprand akasusa, akainuka. Akajibiwa kwamba hivyo ndivyo mkataba wa ndoa ya Petar unavyosema. Jamani! Watu waliozabwa vibao juzi, leo wanakaa mbele ya mjumbe wa Otto. Na Nikephoros akaomba mabinti wawili wa kifalme wa Bulgaria waje kuolewa na watoto wa kambo aliowalea, Basil na Constantine. Mabinti waliletwa kwa magari ya kukokotwa. Ila kitumbua kilishaingia mchanga.

Kidogo mambo yangejisahihisha yenyewe. Mwaka huohuo wa 968 Wapecheneg waliuzingira mji wa Kiev, Svyatoslav akiwa mbali huko Danube. Ndani yumo mama yake, Olga, na wajukuu. Maji na chakula vinaisha. Kumbukumbu za Kiev zinasimulia kijana mmoja aliyejua Kipecheneg. Alitoka nje ya mji kashika hatamu mkononi, akawa anapita katikati ya kambi ya adui akiuliza kwa lugha yao, "Kuna aliyeona farasi wangu?" Wakamdhania mwenzao. Alipofika mtoni akavua nguo, akajitosa, mishale ikamfuata bila kumpata, akavuka ng'ambo na kuleta msaada. Svyatoslav akarudi mbio, akawafukuza Wapecheneg.

Lakini hakutulia Kiev. Aliwaambia mama yake na wakuu wake kwamba anataka kuishi Pereyaslavets, mji wa Danube, kwa sababu kila kizuri kinakutania pale: kutoka kwa Wagiriki dhahabu, hariri, mvinyo na matunda, kutoka kwa Wacheki na Wamagyar fedha na farasi, kutoka Urusi manyoya, nta, asali na watumwa. Someni orodha hiyo polepole. Huyu si mamluki wa kulipwa arudi kwao. Huyu ameona njia panda ya biashara ya nusu ya Ulaya na anataka kujenga nyumba hapo. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu alidai shamba.

Olga alifariki 969, mwana akarudi Bulgaria. Desemba ya mwaka huo Nikephoros akauawa usiku chumbani mwake, palepale sakafuni juu ya ngozi yake, na kundi la Ioannes Tzimiskes, mpwa wake, huku Theophano, mke wa Nikephoros, akiwa amehusika. Mzigo wa Svyatoslav ukamwangukia muuaji.

Mtoto wa Mwalimu

Mpwa amemuua mjomba na ndiye anarithi matatizo yake. Tzimiskes alijaribu kulipa naye?

Mlinzi wa Lango

Alijaribu, ndiyo. Alimtumia Svyatoslav ujumbe: chukua malipo yako uliyoahidiwa, uondoke Bulgaria. Svyatoslav akajibu kwamba Wabizanti ndio waondoke Ulaya, wavuke waende Asia. Mwaka 970 jeshi lake, pamoja na Wapecheneg na Wamagyar, likashuka hadi Arcadiopolis, kwenye njia ya kwenda mji mkuu. Bardas Skleros, jenerali wa Tzimiskes, akawavuta kwenye mtego, kikosi kinajifanya kukimbia, kisha pande mbili za msitu zinafunguka. Walipigwa.

Masika ya 971, wakati wa Pasaka, Tzimiskes akavuka milima ya Balkani. Njia zilikuwa wazi bila mlinzi, hakuna aliyemtarajia sikukuu. Preslav, mji mkuu wa Bulgaria, ukaanguka kwa siku mbili tatu. Svyatoslav akajifungia Dorostolon, ambayo leo ni Silistra, ukingoni mwa Danube. Kwa nchi kavu jeshi la Kaisari, mtoni meli zenye moto wa Kigiriki. Warusi waliuogopa moto huo kuliko panga, walikuwa wamesimuliwa na baba zao jinsi ulivyoteketeza meli za Igor, baba yake Svyatoslav, mwaka 941. Mzingiro ukachukua karibu miezi mitatu. Njaa, mapigano ya nje ya lango, wafu wakichomwa usiku mwezi ukiwaka.

Mwisho Svyatoslav akaomba amani na kuonana na Kaisari. Nitawaletea picha ile kama Leo alivyoiandika, maana ndiyo iliyonifanya niipende historia hii. Tzimiskes anafika ukingoni juu ya farasi, silaha zimetiwa dhahabu, nyuma yake wapanda farasi wengi wamemeremeta. Kutoka ng'ambo inakuja mashua. Ndani yake wanaume wanapiga makasia, na mmoja wa wapiga makasia ndiye Svyatoslav. Kimo cha kati, macho ya buluu, pua fupi, kichwa kimenyolewa isipokuwa kishungi kimoja upande, alama ya ukoo wa juu. Sikio moja lina hereni ya dhahabu yenye lulu mbili na jiwe jekundu katikati. Nguo yake nyeupe haina tofauti na za wenzake ila ni safi zaidi. Hakushuka. Aliongea maneno machache na Kaisari akiwa amekaa kwenye ubao wa mashua, kisha wakaondoka kwa makasia yao.

Mkataba wake upo hadi leo katika kumbukumbu za Kiev, ameapa kwa miungu yake Perun na Volos kwamba hatagusa tena ardhi ya Bizanti, Cherson wala Bulgaria. Wanaume 22,000 waliobaki walipewa nafaka ya njiani. Na Bulgaria? Tzimiskes hakumrudishia nchi Boris, mwana wa Petar. Aliingia Konstantinopoli kwa shangwe na taji la Kibulgaria juu ya gari pamoja na ikoni ya Bikira Maria, kisha akamvua Boris alama za ufalme hadharani. Ule ugomvi wa malipo ya mwaka ukaishia kwa mwenye haki kupoteza nchi.

Baharia Mstaafu

Na Wapecheneg wakamalizia kazi. Hapo ndipo ninapoamini Tzimiskes aliwatonya.

Mlinzi wa Lango

Hilo linabishaniwa mkuu. Mwandishi Skylitzes anasema kinyume: Tzimiskes aliwatuma wajumbe kwa Wapecheneg awaombe urafiki, wasivuke Danube, na wawaache Warusi wapite salama. Wakakubali yote isipokuwa hilo la mwisho. Walikasirika kwamba Warusi wamefanya amani. Kumbukumbu za Kiev zinawataja watu wa Pereyaslavets kuwa ndio waliopeleka habari. Mimi naona Tzimiskes hakuhitaji kutonya mtu. Sera ya pilipili na vitambaa ilikuwa imeshawaweka Wapecheneg pale kwenye maporomoko.

Sveneld, jemadari mzee, alimshauri Svyatoslav apite nchi kavu kwa farasi. Akakataa, akaenda na mashua. Njia ilikuwa imefungwa, wakakaa majira ya baridi mdomoni mwa Dnieper kwa njaa, kichwa cha farasi kikiuzwa nusu grivna (kipimo cha Warusi wa enzi hizo) ya fedha. Masika ya 972 akajaribu tena kwenye maporomoko. Mkuu wa Wapecheneg, Kurya, akamuua, akalifunga fuvu lake dhahabu likawa kikombe.

Bint Lamu

Assalam aleikum wote. Nimesoma bila kupepesa. Huku kwetu Kaisari wa Rumi tunamjua kwa jina la Herekali tangu utoto, ule utenzi wa Pate wa mwaka 1728 wa Bwana Mwengo unamhusu yeye na vita vya Tabuk. Kwa hiyo naomba upande wa Waislamu: nao walihongwa, au huko ilikuwa upanga tu?

Mlinzi wa Lango

Waaleikum salaam dada. Umefanya vyema kuleta Herekali, ndiye Heraclius, na utenzi ule ni wa thamani kubwa hata kama msafara wa Tabuk mwaka 630 kihistoria uliishia bila vita.

Kwa makhalifa mambo yalikuwa ya adabu zaidi, kwa sababu Wabizanti waliwahesabu kuwa dola sawa na wao. Mfano naoupenda ni mabadilishano ya mateka kwenye mto Lamos, kule Kilikia. Mwaka 845 kila upande ulijenga daraja lake. Mwislamu mmoja anaachiwa anavuka huku, Mkristo mmoja anaachiwa anavuka kule, mmoja kwa mmoja. Kila Mwislamu akifika kwa wenzake, takbir inasikika ng'ambo yote. Lenye kuumiza ni kwamba Khalifa al-Wathiq aliamuru mateka wahojiwe kwanza kama wanakubali kuwa Qurani imeumbwa. Aliyekataa hakukombolewa.

Na mwaka 1027, kwa mkataba na Wafatimi wa Misri, msikiti wa Konstantinopoli ulisomwa hotuba kwa jina la khalifa wao, nao wakaruhusu Kanisa la Kaburi Takatifu la Yerusalemu lijengwe tena. Hapo hakuna dhahabu wala upanga. Heshima kwa heshima.

Mtoto wa Mwalimu

Mkuu ulisema tushike kile cha tatu, binti wa nyumba ya Kaisari.

Mlinzi wa Lango

Sikusahau. Wale watoto wa kambo wa Nikephoros, Basil na Constantine, walikua. Basil akawa Kaisari. Mwaka 986 akaingia Bulgaria, akapigwa kwenye mlango wa Trajan, njia ya mlimani. Kisha majenerali wake wawili wakamwasi, Asia yote ikaponyoka, waasi wakafika ng'ambo ya mlango wa bahari mkabala na ikulu. Hana askari. Akamtumia ujumbe Vladimir wa Kiev, mwana wa Svyatoslav, mtoto wa yule wa hereni. Vladimir akakubali kumpa wapiganaji 6,000. Dhahabu hakuitaka. Alimtaka Anna, dada yake Basil.

Anna alikuwa mjukuu wa Constantine wa saba, yule aliyeandika kwamba binti wa nyumba hii asipewe mgeni. Basil aliweka sharti moja, Vladimir abatizwe kwanza. Wapiganaji wakafika, waasi wakavunjwa Chrysopolis, kisha Abydos mwaka 989, na kutoka kwao kikatokea kikosi cha Wavarangi (wapiganaji wa kulipwa kutoka kaskazini) kilichowalinda makaisari kwa vizazi.

Anna alikuwa na miaka kama 25 hivi. Kumbukumbu za Kiev zinasema hakutaka kwenda. Aliwaambia kaka zake kwamba ni kama anapelekwa utumwani, bora afe hapohapo. Kaka zake wakambembeleza, wakamweleza dola imeteswa kiasi gani na Warusi. Akawaaga ndugu zake kwa machozi, akapanda merikebu, wakatweka kuelekea Cherson.